Bi Zuwena na Wimbo Uliokataa Kwisha

Haya, sogeeni nyote pamoja, maana nimechoka kuisimulia vipande vipande. Mmoja kanikamata sokoni Matrah, mwengine kanisimamisha mlangoni mwa darasa nikiwa na chaki mkononi, na wote swali lao ni moja: "Ni kweli shangazi yako kasimamisha muziki Bombay?" Si kweli. Kilichotokea ni kinyume chake kabisa. Lakini ili mfahamu, lazima nianze pale tulipoanzia, na nyie mnaopenda kunikata maneno, mimineni kahawa mnywe taratibu.

Mambo ya pasi na tiketi nayaruka. Yalituchosha sisi, hayana haja ya kuwachosha na nyie.

Kutoka Sidab

Wengi mnamjua Bi Zuwena, dada wa baba yangu. Kwa nyie mliofika Maskati mwaka huu tu, ni yule bibi mpana wa Sidab ambaye salamu yake inasikika kabla hajakunja kona. Kule Unguja taarab ilikuwa haianzi mpaka aonekane kakaa safu ya mbele. Ana mtoto mmoja tu, Nassor, mpiga udi. Tulipotoka Unguja sisi tulikuja huku, na Nassor akaenda Bombay na mwalimu wake wa muziki, Bwana Kaitano, Mgoa aliyekuwa fundi cherehani Mji Mkongwe.

Miaka yote hiyo Nassor alikuwa akileta salamu kwa mabaharia: mimi mzima, nimo katika okestra kubwa. Sidab, lakini, kulikuwa na jirani mmoja aliyesema kasikia kwa mtu aliyefika huko kwamba Nassor yumo jikoni mwa hoteli, anaosha vyombo. Shangazi alikuwa akicheka mbele za watu, na ndani ya nyumba hacheki.

Sasa mwaka huu milango ya nchi imefunguka, ofisi zinaanzishwa, na shemeji yake shangazi akampatia Nassor nafasi forodhani. Jibu lilitakiwa upesi. Shangazi akaniita.

"Salma, funga nguo zako. Nnakwenda Bombay mwenyewe na macho yangu. Nikimkuta mwanangu ana raha na kazi yake, ntamwacha. Nikimkuta ananidanganya, narudi naye, forodhani moja kwa moja."

"Na mimi nakwenda kufanya nini, shangazi?"

"Wewe wajua Kiingereza, na wajua kueleza. Ntakuwa nakuuliza."

Na kweli aliniuliza. Tulipopanda kile kilima kati ya Sidab na Maskati, punda mbele na mizigo, alikuwa keshaanza. Baharia wa mwisho alisema okestra ya Nassor itapiga opera ya Kiamerika. Opera ni kitu gani?

Nilimweleza kama ninavyokuelezeni nyie. Chukua kisa, mapenzi na fitna na dhoruba ndani yake, kisha kila neno la kisa hicho liimbwe badala ya kusemwa. Hii yetu ni ya watu weusi wa mtaa mmoja wa pwani ya kusini ya Amerika, na nyimbo zake zina ladha ya nyimbo zao za mitaani na makanisani. Mara nyingi opera huigizwa, kwa nguo za mchezo na nyumba za mbao. Lakini kuna namna nyengine, na hiyo ndiyo tuliyokuwa tukiiendea: okestra inakaa jukwaani, waimbaji wanasimama mbele yake na nguo zao za heshima, wanaimba kisa chote bila ya kuigiza. Mtu akiuawa katika kisa, haanguki. Anakaa kitini.

Shangazi akasimama kupumua. "Waimbaji mbele, wapigaji nyuma, watu wanasikiliza. Basi si taarab hiyo?"

"Inakaribia," nikasema.

Neno hilo, "inakaribia", lilitubeba mbali sana.

Kuingoja meli

Meli ilichelewa. Tulikaa juu ya mizigo yetu ufukweni, chini ya ngome, na mizigo yenyewe ilikuwa hivi: makopo ya halua, gunia la ndimu kavu, na papa. Nikisema papa namaanisha papa mkavu, yule wa kunuka, amezungushiwa jamvi na kufungwa kamba kama mgonjwa. Nassor akimpenda tangu mdogo.

"Bombay samaki hakuna?" niliuliza.

"Wapo. Papa wa mamake hayupo."

Jua lilipokuwa kali, shangazi akaenda kumpa pole mwanamke aliyefiwa nyumba ya tatu, na hapo hapo meli ikatokea. Mashua za kuwapeleka abiria zikaanza kujaa. Nikapiga kelele mpaka sauti ikaniisha. Shangazi akaja mbio, kashika kikombe cha kahawa cha watu, na yule mfiwa nyuma yake anamhimiza, "Kimbia, dada, kimbia!" Kikombe kile kimefika Bombay na kimerudi. Mwenyewe keshakipata, pamoja na halua.

Melini

Sisi tulikuwa abiria wa sitahani, na nafasi yetu tulipewa na papa. Watu walimsogelea, wakamnusa, wakahama. Tukabaki na uwanja wa kutosha familia nzima, sisi na bibi mmoja wa Kibaluchi anayerudi kwao Karachi, ambaye ama alikuwa na mafua ama naye akimpenda papa. Alikuwa anampenda. Alitoa mkate wake wa tanuri bado laini, shangazi akachoma kipande cha papa kwenye jiko lake la mkaa, wakala wanaangaliana kama waliolelewa nyumba moja.

Bibi yule hakujua Kiswahili, na shangazi hajui Kibaluchi. Hilo halikuwazuia. Shangazi akamweleza habari yote ya Nassor kwa mikono: urefu wake, masharubu yake, anavyokumbatia udi, watu watakavyokaa wamevaa vizuri, mwimbaji atakavyosimama. Bibi yule akasikiliza, machozi yakamlenga. Tulipotia nanga Karachi akafungua sanduku lake, akatoa kitambaa chekundu, kadiri ya leso ya mkononi, kimetariziwa kwa vioo na uzi wa dhahabu, akakibusu, akampa shangazi. Kisha akatia vidole viwili katika wanja wake, akaonyesha kwa ishara mahali pa kupaka: paji la uso la bibi harusi.

"Salma! Huyu kafahamu nnakwenda kumwoza Nassor!"

"Mrudishie basi, shangazi, tumweleze."

"Nirudishe fali njema? Una wazimu?" Akakitia kifuani, akamkumbatia bibi yule, na wakaliana kilio cha harusi hiyo isiyokuwapo mpaka mabaharia wakawatenganisha.

Bombay

Papa alituweka sana bandarini. Bwana mkaguzi alichoma jamvi kwa msumari mrefu, akanusa ule msumari, akaenda kumwita mkubwa wake. Mkubwa akanusa, akamwita mwengine. Shangazi akafahamu kuwa wanaitana kuja kuonja, akawakatia kila mmoja kipande. Wakatuachia mara moja. Sijui kama walikula.

Nassor alikuwa nje ya lango na Bwana Kaitano. Kanenepa kidogo, masharubu kayanyoa. Shangazi alimshika mikono yote miwili, akaigeuza, akaiangalia viganja na vidole kwa muda mrefu. Niliona alikuwa anatafuta nini. Anatafuta ngozi ya mtu anayeosha vyombo. Vidole vilikuwa vigumu kwenye ncha, kama vya mpiga udi. Akashusha pumzi.

Nyumbani kwa Bwana Kaitano tulilishwa wali wa nazi na mchuzi wa kamba wenye siki, na mwenyeji wetu, ambaye Kiswahili chake bado cha Mji Mkongwe kabisa, alianza kumtania shangazi.

"Bi Zuwena, unakumbuka ulivyokuwa ukitutesa? Ukiinuka kutunza, sisi wapigaji tukijua leo vidole vitakufa ganzi."

"Mimi nilikuwa nikienda kwa adabu tu."

"Adabu gani, bibi we! Hatua mbili mbele, moja nyuma, unamfika mwimbaji, unamtunza, halafu kurudi kitini ndiyo safari nyengine. Na sisi tunauzungusha wimbo, tunauzungusha."

Kwa nyie vijana mliokulia mbali na taarab nawafafanulia, maana bila ya hili kisa hakisimami. Wimbo ukikugusa unainuka, unakwenda kwa madaha mbele za watu, unampa mwimbaji tunzo yako, na kila mtu anajua kwamba maneno ya wimbo ule umeyafanya yako. Na wapigaji hawaumalizi wimbo mpaka urudi ukae. Kuumaliza ukiwa bado njiani ni kukuvua nguo hadharani.

Walipokuwa wakicheka, Nassor alinivuta barazani.

"Dada Salma, niseme kweli. Okestra hii haihitaji udi. Wamenichukua kwa sababu opera hii inataka banjo, ala ya nyuzi yenye tumbo kama dufu, na Bombay nzima hawakupata mpiga banjo wa kuwaridhisha. Nimejifunza, si mbali sana na udi. Lakini nnapiga wimbo mmoja tu."

"Mmoja katika yote?"

"Mmoja, karibu na mwisho. Kiongozi wetu mkali sana. Ameniambia nikiupiga kama ulivyoandikwa, bila ya kosa, atanipa kiti cha kudumu. Nikikosea, basi." Akaangalia ndani alipokuwa mamake. "Naipenda kazi hii, dada. Mwambie taratibu, wewe wajua kueleza."

Nilikusudia kumwambia asubuhi yake. Lakini asubuhi ile shangazi alikuwa na shughuli ya kikuba. Hawezi kwenda kwenye muziki bila ya kikuba, kile kishada cha asumini na rehani cha kubandika kifuani, na asumini Bombay inauzwa kila pembe. Rehani ndiyo aliyoikosa, mpaka akaiona imepandwa vizuri juu ya kijukwaa katika ua wa jirani, akaingia na kuanza kuchuma. Kumbe mche ule ni wa ibada ya Wahindu. Mama mwenye nyumba akatoka na ukelele, Bwana Kaitano akaruka na sabuni ya kunyolea usoni kueleza, shangazi akaomba radhi mara ishirini kwa lugha tatu. Yule mama alipofahamu kuwa ni maua ya kuvaa siku ya kumwona mtoto, alicheka, akatuma sokoni kwa rehani nyengine, na akakaa na shangazi chini kusaidia kutunga. Mpaka wamemaliza, wakati wa kwenda ukawa umefika.

Ukumbini

Ilikuwa alasiri, siku ya Jumapili. Tulikaa safu ya tatu, shangazi pembeni ya njia, ananukia asumini mpaka watu wa mbele wakageuka. Okestra ikaingia, fidla kwa makumi, wanaume wote kama mawakili. Nassor akakaa nyuma kabisa, banjo mapajani. Kisha akaingia kiongozi, akainama, akatupa mgongo.

"Mbona katugeuzia mgongo?"

"Anawaongoza wapigaji, shangazi."

"Na kwa kile kijiti anamgombeza nani?"

"Hagombezi. Anawaonyesha mwendo."

"Hawaujui?"

Nyuma yetu mtu akatoa sauti ya kunyamazisha. Muziki ukaanza, na nakuambieni kweli, mwili ulinisisimka. Waimbaji walitoka Amerika, weusi kama jamaa zetu wa pwani, na sauti zao zilijaa ukumbi hata dari. Lakini watu walikuwa kimya. Kwetu ukumbi ukiwa kimya ujue mwimbaji kaudhi watu.

"Wamekasirika?" shangazi akaninong'oneza.

"Hii ndiyo heshima yao."

"Maskini mwimbaji. Kama anaimba makaburini." Baadaye kidogo: "Yule si kauawa? Mbona anakunywa maji?"

"Nilikwambia, akifa anakaa kitini."

"Ah. Kafa vizuri."

Mpaka hapo alikuwa na furaha. Halafu nikaona macho yake yamekwama kule nyuma, na furaha ikamtoka usoni.

"Salma. Mwanangu hapigi."

"Zamu yake haijafika."

"Wenziwe wote wanapiga. Yeye kakaa anahesabu vidole. Wamemkodi akalie kiti." Sauti yake ilikuwa ndogo, na mimi sijawahi kusikia sauti ndogo kwa Bi Zuwena. "Bora angekuwa anaosha vyombo. Mwenye kuosha vyombo ana kazi."

Wakati wa mapumziko aliinuka na kukaza mtandio wake. Alikuwa anakwenda kumchukua. Namjua: angepanda jukwaani, angemshika mkono, na wiki ijayo Nassor angekuwa forodhani anagonga mihuri. Nikamshika.

"Shangazi, biriani yako zafarani unatia lini?"

Akaniangalia kama nimeugua. "Mwisho. Swali gani hili?"

"Unatia nyingi?"

"Kidogo tu."

"Na usipotia?"

Akafikiri. Akaangalia jukwaa tupu, kiti cha Nassor pale nyuma. Akakaa polepole. "Haya. Lakini wakichelewa sana, chakula kitaungua."

Sehemu ya pili ikaanza, na chakula kikakaribia kuungua kweli. Wimbo baada ya wimbo, Nassor kakaa. Shangazi alikuwa kashika ile leso nyekundu ya Kibaluchi, anaikunja na kuikunjua. Mwishowe akasimama mwimbaji mmoja, bibi mwenye mwili kama wa shangazi mwenyewe. Kiongozi akanyoosha kijiti kule nyuma kabisa. Nassor akainua banjo.

Wimbo ule ulikuwa wa mwanamke anayewajibu majirani waliomsema. Semeni mpendavyo, mimi nyumba yangu imesimama. Shangazi hakuelewa hata neno, lakini bibi yule alikuwa katia mkono kiunoni na kainua kidevu, na mkono kiunoni hauhitaji mkalimani. Chini ya sauti yake banjo ilikuwa inarukaruka, safi, kavu, kama mvua ya kwanza juu ya bati. Mtoto wake anapiga. Ukumbi mzima unamsikia. Na jirani wa Sidab alikuwa anajibiwa.

Nilihisi upepo tu ubavuni. Kiti kilikuwa kitupu.

Alikuwa njiani kati ya viti, kikuba kakiweka juu ya leso nyekundu, mkono juu, anakwenda kwa madaha: hatua mbili mbele, moja nyuma. Watu wakageuza vichwa. Mimi nikafumba macho, nikafumbua, bado anakwenda. Kiongozi, mgongo kwetu, haoni kitu. Wimbo ukafika mwisho wake. Kiongozi akainua mikono yote miwili, akaukata. Okestra ikakata.

Banjo haikukata.

Nassor alikuwa anamtazama mamake. Nina hakika hakufikiri lolote. Mtunzaji yuko njiani, wimbo hauishi, hivyo ndivyo vidole vyake vilivyolelewa. Akarudi mwanzo wa kiitikio na kuendelea peke yake, ndani ya kimya kile cha Bombay, na kiongozi kabaki na mikono hewani kama mtu aliyeporwa kijiti.

Bibi mwimbaji akamwangalia mpiga banjo, akamwangalia mwanamke anayemjia. Akacheka kwa kinywa chote, na akarudi kuimba kiitikio. Fidla moja kubwa ikamfuata. Halafu ngoma. Halafu wote. Kiongozi akageuka kutazama kumetokea nini, na hapo shangazi alikuwa amefika. Mwimbaji akainama, akachukua kikuba, akakinusa, akakibandika kifuani, na leso akaifunga mkononi, bila ya kuacha kuimba.

Nyie mtasema basi kamaliza. Hamumjui. Alikuwa bado hajarudi kitini, na hakuwa na haraka. Mbili mbele, moja nyuma. Kiitikio kikazungushwa tena, na tena. Watu wakaanza kupiga makofi ya mwendo, hata yule aliyetunyamazisha. Shangazi akanifikia, akakusanya buibui lake, akakaa. Nassor akapiga sauti ya mwisho.

Ukumbi ulipasuka kwa kelele. Shangazi hakuusikia. Alikuwa ananishika goti, anapumua kwa nguvu.

"Umemwona? Kaningoja. Kaningoja mpaka nikakaa."

Nyuma ya jukwaa, baada ya mwisho, tulimkuta Nassor kasimama mbele ya kiongozi, kichwa chini. Kiongozi alikuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Nilikwambia upige kama ulivyoandikwa. Nani amekufundisha kuendelea nikishakata?"

"Bwana, kwetu wimbo hauishi na mtu yuko kwa miguu anautukuza. Yule ni mama yangu."

Kiongozi akamtazama shangazi. Shangazi akampa kopo la halua. Mwimbaji, kikuba kifuani, alikuwa anajifuta machozi ya kicheko pembeni.

"Anakaa Bombay?" kiongozi akauliza.

"Hapana," Nassor akajibu. "Anarudi Maskati kwa meli ya kwanza."

"Basi kiti ni chako."

Nikamfasiria shangazi. Akainama kwa heshima zote, na kwa Kiswahili akamwambia kiongozi kuwa anamsamehe kule kumpa mgongo.

Kurudi

Kurudi hakuna la kusimulia, maana papa hatukuwa naye na kwa hiyo tulibanwa sitahani kama watu wote. Karachi shangazi alichungulia kila mashua kumtafuta bibi yake wa Kibaluchi, amwambie kwamba leso ilikwenda kwa mwenyewe. Hakumwona.

Ile nafasi ya forodha shangazi hakuiacha ipotee. Siku tuliyofika, kabla hajafungua nguo zake, alikwenda kwa jirani yule wa habari za vyombo, akanywa naye chai, kisha akaenda kwa shemeji yake kumwombea nafasi hiyo mtoto wa jirani. Kijana keshaanza kazi. Jirani sasa anasimulia habari za okestra kuliko mimi.

Nassor anakuja kumtembelea mamake kabla ya Ramadhani, na banjo yake. Atapiga barazani Sidab, na nyote mmealikwa. Njooni baada ya sala ya alasiri, acheni njia katikati ya majamvi, na mkimwona mtu kainuka kutunza, msipige makofi ya mwisho mpaka akae.